Nyumba Iliyo Safi Hulinda Afya ya Wenyewe

Watu wengi hudhani kuwa usafi wa nyumba ni jambo la kupendeza macho tu. Mgeni anapotarajiwa, ua hufagiwa, viti hufutwa, na vitu vyote vilivyotawanyika husukumwa nyuma ya pazia. Mgeni akiisha kwenda, mambo hurudia yalivyokuwa. Lakini mgeni hukaa saa moja, na wenyewe hukaa mwaka mzima. Mtoto anayejifunza kutambaa juu ya sakafu ile, bibi mzee anayelala karibu na ukuta ule, na mama anayepika penye moshi ule, hao ndio wanaopata faida ya usafi au hasara ya uchafu.

Mfano mzuri ni nyumba ya namna inayoonekana pahali pengi katika Kenya: vyumba viwili, kuta za miti zilizokandikwa udongo, paa la mabati, sakafu ya udongo, na mafiga matatu ndani au ubavuni. Nyumba kama hiyo si ya kudharauliwa. Yaweza kuwa na afya kuliko nyumba ya mawe, ikiwa wenyewe wajua ni nini cha kuangalia na kwa sababu gani. Sababu ndiyo jambo kubwa, kwa kuwa mtu aliyeamriwa kufagia bila kuelezwa sababu hufagia siku ya ukaguzi tu.

Mahali pa kuanzia ni sakafu. Katika mavumbi ya sakafu ya udongo huzaliana mdudu anayeitwa funza. Wako wanaodhani kuwa funza ni mdudu wa nchi hii tangu zamani, kumbe ni mgeni. Asili yake ni Amerika, naye alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili. Kutoka huko alisafiri pamoja na misafara ya wapagazi na askari, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara zima na kufika pwani ya Afrika Mashariki. Mdudu huyu hana mabawa, wala haruki juu sana. Alibebwa na miguu ya watu, na sakafu za nyumba ndizo zilizompa malezi njiani.

Funza jike hujichimbia katika ngozi ya mguu, hasa kando ya kucha na katika kisigino, akabakiza tundu dogo tu la kupumulia na kutagia mayai. Katika muda wa majuma mawili huvimba mpaka akawa kama punje ya njegere, na mayai yake, ambayo huweza kupita mia moja, huanguka sakafuni. Baada ya siku tatu au nne mayai huanguliwa, na mabuu wake hula takataka zilizomo mavumbini mpaka wanageuka kuwa funza wazima. Yote hayo hutimia kwa majuma matatu au manne. Basi jamaa wanaowatoa watoto funza kila juma, lakini sakafu hawaigusi, wanafanana na mtu achotaye maji katika mtumbwi uliotoboka asizibe tundu.

Tena kutoa funza kwa sindano au mwiba kuna hatari yake. Jeraha linaloachwa wazi huingiwa na vijidudu vya pepopunda, na sindano moja ikipitishwa mguu kwa mguu yaweza kuhamisha maradhi ya damu. Majaribio yaliyofanywa Kenya na kutangazwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa mafuta yaitwayo dimetikoni, yakipakwa juu ya mahali alipojichimbia, humwua funza akakauka pasipo kuchokolewa. Hiyo ni dawa ya mguu. Dawa ya sakafu ni nyingine.

Mavumbi makavu yanayotimuliwa na ufagio huruka na kutulia pale pale. Yafaa kwanza kunyunyiza maji, kisha kufagia kuelekea mlangoni, hata chini ya vitanda na katika pembe, maana funza hupenda mahali pasipokanyagwa. Sakafu yenye mashimo isiribwe upya. Udongo wa kichuguu, ukipondwa, ukaloweshwa na kushindiliwa vema, hutoa sakafu ngumu isiyotoa mavumbi upesi, nao hauuzwi dukani. Mbwa, mbuzi na nguruwe nao hubeba funza katika miguu yao, kwa hiyo si vizuri walale mahali wanapolala watoto.

Jambo hili limeandikwa kwa urefu kwa sababu hasara yake haiishii mguuni. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa visigino, huchekwa na wenziwe, na mwishowe huacha shule. Mahali pengine watu wamesema kuwa jamaa wenye funza wamelaaniwa, na jirani wameacha kuingia kwao. Hakuna laana yoyote. Kuna mavumbi, na kuna umaskini uliowanyima viatu na maji ya kunyunyizia.

Mwenye uwezo wa kununua saruji asifikiri kuwa ameinunua kwa fahari tu. Katika jimbo la Coahuila, nchi ya Meksiko, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa watu maskini saruji ya kufunika sakafu zao za udongo. Wachunguzi waliwalinganisha watu hao na jirani zao wa jimbo la pili waliokuwa bado na sakafu za udongo, na habari zao zikachapishwa mwaka 2009. Katika nyumba iliyofunikwa sakafu yote, watoto wake walipungukiwa na minyoo na vijidudu vya tumbo kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49, upungufu wa damu nao ulishuka sana. Na jambo ambalo halikutazamiwa na watu wengi ni hili, kwamba mama wa nyumba hizo walisema wana huzuni na wasiwasi mdogo kuliko wenzao, na kwamba wameridhika zaidi na maisha yao. Mshahara wao haukuongezeka, wala hawakupewa shamba. Walipewa sakafu.

Kutoka sakafuni jicho na lipande ukutani. Methali yasema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi huitumia kwa mambo ya tabia au ya fedha. Lakini katika nyumba ya udongo methali hiyo ni kweli kwa maneno yake yenyewe, na hata zaidi ya yalivyokusudiwa, kwa kuwa ufa ni nyumba ya papasi. Papasi ni jamaa ya kupe. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi asionekane. Aweza kukaa bila chakula kwa miaka, hata nyumba iliyoachwa tupu haiwi salama. Naye huleta homa ya papasi, ambayo humshika mtu siku chache, ikamwacha mpaka akadhani amepona, halafu ikarudi tena na tena.

Ukweli wa jambo hilo haukupatikana bila gharama. Madaktari Dutton na Todd waliuchunguza ugonjwa huo katika Kongo mwaka 1905, wakahakikisha kuwa papasi ndiye anayeueneza. Wote wawili waliambukizwa katika kazi hiyo, na Dutton akafa huko huko mwaka ule. Katika Kenya homa hii ilichunguzwa sana katika Meru na katika nchi ya Wadigo katikati ya karne ya 20. Tangu watu walipoanza kujenga nyumba za kuta laini na kulala juu ya vitanda, na dawa za wadudu zilipopatikana, imepungua mno. Ilipungua kwa udongo na chokaa kama ilivyopungua kwa dawa. Ukuta uliosiribwa mpaka ukawa laini, ukapakwa chokaa, hauna mahali pa kumficha papasi wala kunguni, tena huongeza mwanga ndani ya chumba, hata uchafu ukionekana mapema. Kitanda na kisogezwe mbali kidogo na ukuta, na matandiko yaanikwe juani kila juma.

Sasa habari ya moshi. Hapo ndipo wenyeji wengi hukataa kusikia, kwa kuwa moshi ni rafiki wa zamani. Hukausha mahindi darini na kufukuza mbu. Walakini rafiki huyu anadai malipo makubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaliyotokana na moshi wa ndani ya nyumba, nao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Katika Laikipia wachunguzi waliwafuatia watu wa nyumba 55, wakapima moshi waliouvuta na maradhi ya kifua waliyoyapata. Habari zao, zilizochapishwa mwaka 2001, zilionyesha kuwa kadiri moshi ulivyozidi ndivyo maradhi yalivyozidi, na waliopata moshi mwingi ni wale wanaopika pamoja na watoto wanaobebwa mgongoni mwao.

Kuni mbichi hutoa moshi mara nyingi kuliko kuni zilizokaushwa. Basi kuni za juma lijalo zikatwe juma hili au kabla yake, ziwekwe mahali pasiponyesha. Sufuria iliyofunikwa hupika upesi, na moto mfupi una moshi mfupi. Jiko lililojengwa kwa udongo, lenye mlango mmoja wa kuni, hula kuni chache kuliko mafiga matatu yaliyo wazi. Aliye na nafasi ajenge jiko nje ya nyumba ya kulala, na asiye na nafasi aweke bomba la kutolea moshi au tundu lililo juu ya moto. Mtoto mchanga, kama kuna dada au nyanya wa kumshika, asikae mgongoni mwa mama wakati moto unapowashwa. Dakika zile za kwanza ndizo zenye moshi mzito.

Hapa panatokea shida ya kweli, ambayo mafundisho mengi ya usafi huipita bila kuitaja. Nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na paa ndiyo inayotoa moshi; nayo ndiyo mlango mkubwa wa mbu wa malaria, ambaye huingia usiku akifuata pumzi za watu. Ikizibwa, moshi hubaki. Ikiachwa, mbu huingia. Suluhisho ni wavu. Wavu mwembamba ukipigiliwa katika nafasi hiyo na katika madirisha, hewa hupita na mbu hubaki nje. Katika Gambia nyumba zilizotiwa wavu namna hiyo, au zilizotiwa dari, zilihesabiwa mbu wake, na habari ikatangazwa mwaka 2009: mbu walioingia walipungua karibu nusu au zaidi, na watoto waliopungukiwa na damu walikuwa wachache. Chandarua cha kitandani hakiachwi kwa sababu hiyo. Vyote viwili husaidiana.

Madirisha yenye wavu yafunguliwe mchana. Vijidudu vya kifua kikuu hukaa hewani katika chumba kilichofungwa, na hewa mpya huvipunguza. Watu sita wakilala katika chumba kisicho na dirisha, kikohozi cha mmoja ni kikohozi cha wote.

Katika habari ya maji, watu wengi huangalia kama yametoka mahali pazuri na kama yamechemshwa, nao hufanya vema. Lakini chombo chenyewe hakiangaliwi, na kisa kikubwa cha chombo kisichoangaliwa kilitokea Lamu. Mwaka 2004 palikuwa na ukame. Maji yalikuwa haba, na yaliyopatikana yaliwekwa majumbani katika mitungi na matangi kwa siku nyingi, yakiongezwa tu bila chombo kuoshwa. Ndani ya vyombo hivyo alizaliana mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana. Katikati ya mwaka ule ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo, na wachunguzi waliopima damu baadaye walikadiria kuwa robo tatu za watu wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulifika Mombasa, kisha ukavuka bahari kwenda Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, na mwaka 2006 ukawa umeenea Bara Hindi.

Ugonjwa huo ni chikungunya. Ulielezwa mara ya kwanza na madaktari baada ya kuzuka katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja. Maana mgonjwa huinama kwa maumivu ya viungo, na wengine hubaki na maumivu kwa miezi. Mbu yule yule ndiye aletaye kidingapopo, homa iliyowapata watu wengi wa Mombasa mwaka 2013.

Mtu akijua tabia ya mbu huyu atajua la kufanya. Hatagi katika madimbwi ya barabarani. Hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo, makopo matupu, magurudumu mabovu na vifuu vya nazi. Mayai hayaelei majini bali hubandikwa ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Huko huweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa, na maji yakiongezwa yakayafikia, huanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi. Basi kumwaga maji tu hakutoshi. Mtungi husuguliwa ndani kwa mkono na mchanga au majani makavu, mara moja kila juma, kabla mbu hajapata siku zake za kutimia. Kisha hufunikwa kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa shingoni, na maji huchotwa kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Vikopo vilivyotupwa uani vifukiwe.

Habari za takataka na panya zajulikana na wengi, nazo hazihitaji maneno mengi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mji wa Nairobi, ambao wakati ule ulikuwa bado mchanga, na mabwana wa afya waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Maduka ya watu yaliteketea kwa sababu ya panya na viroboto wao. Nyumbani hapahitajiwi moto. Ghala iinuliwe juu ya miguu yenye vikinga vya bati vya kuwazuia panya, makombo yasilazwe jikoni, na shimo la takataka lichimbwe mbali na nyumba na lifunikwe kwa udongo kila mara. Majani ya mboga na majivu si takataka. Ni mbolea ya bustani.

Choo na mikono ni jambo moja. Choo cha shimo chenye kifuniko, kinachofagiwa kila siku, kikikosa maji ya kunawia kimefanya nusu ya kazi yake. Mahali pasipo na bomba, kopo lililotobolewa au kibuyu chirizi kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti hutosha, na sabuni yaweza kutundikwa kando yake kwa kamba ili isipotee. Maji kidogo sana hutumika.

Hata hivyo ukweli wote usemwe. Kuanzia mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, nao uliwahusu mama zaidi ya 8,000 na watoto wao. Jamaa wengine walipewa dawa ya kutia katika maji, wengine walitengenezewa vyoo, wengine walipewa mahali pa kunawia na sabuni, na wengine walipewa yote. Habari zilipotangazwa mwaka 2018 ilionekana kuwa kuhara kwa watoto wadogo hakukupungua. Mtu asiseme kwa hiyo kuwa usafi ni bure. Wataalamu wametaja kwamba watu walizoea vitu vile mwanzoni kisha wengine wakaviacha, na kwamba mtoto mdogo hupata uchafu kwa njia nyingi: hutambaa uani penye mavi ya kuku, huokota udongo, hutia kinywani. Mlango mmoja uliofungwa katika nyumba yenye milango mitano haumzuii mwizi. Kuku wana banda lao, na kama hawana wajengewe. Na mtoto anayetambaa awekewe mkeka uliooshwa, kwenye kivuli, mahali ambapo kuku hawafiki.

Lililobaki ni utaratibu, yaani kila kitu kuwa na mahali pake. Wako wanaofikiri kuwa utaratibu ni mambo ya watu wenye makabati. Lakini fikira hiyo huondoka mara mtu anapokumbuka chupa ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo, nayo hutiwa katika chupa yoyote iliyo karibu, mara nyingi ile iliyokuwa na soda. Chupa huwekwa chini, karibu na taa. Mtoto wa miaka miwili mwenye kiu huijua chupa ile kwa umbo lake. Hatari ya mafuta hayo ni kuingia mapafuni, na kwa sababu hiyo mtoto aliyeyanywa asitapishwe wala asinyweshwe kitu cha kumtapisha, maana kwa kutapika mafuta huingia kifuani mara ya pili. Achukuliwe hospitali upesi. Watoto wengi wamepotea kwa njia hiyo, na hakuna kijidudu chochote kilichohusika, ila chupa iliyokosa rafu. Misumari miwili na kipande cha ubao, juu kuliko mkono wa mtoto, hufanya rafu ya mafuta, ya vidonge na ya dawa ya ng'ombe. Panga na jembe vitundikwe. Sufuria ya maji ya moto isiwekwe sakafuni hata kwa dakika moja.

Utaratibu huo huleta na faida nyingine, ya moyo. Katika nyumba ambayo ufunguo, kiberiti, kitambulisho na kadi ya kliniki hutafutwa kila vinapohitajiwa, asubuhi huanza kwa makelele, na wa kwanza kulaumiwa ni mtoto ambaye hakugusa kitu. Mgonjwa akizidiwa usiku, dakika zinazopotea kwa kutafuta kadi na fedha za gari ni dakika zake. Lakini mahali penye msumari wa ufunguo na kikapu cha karatasi, watu huondoka nyumbani wakiwa wameagana vizuri. Mwanafunzi akipewa meza, hata ikiwa ni sanduku lililogeuzwa, iliyo karibu na dirisha na isiyowekewa vyombo, huketi kusoma bila kuambiwa mara mbili.

Kazi hizi zote ni nyingi kwa mtu mmoja, na hapo ndipo mafundisho ya zamani yalipokosea. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa Kenya mwaka 1952, viliwafundisha wanawake mambo mengi mema ya mapishi, malezi na usafi, na mama wengi walioyafuata wanashukuru hata leo. Walakini mafundisho yalielekezwa kwa wanawake peke yao, kama kwamba wanaume hawalali katika nyumba hizo wala hawavuti moshi wake. Mama anayeamka kabla ya jua, akachota maji, akapika, akalima, akarudi na kuni, hawezi tena kusiriba ukuta na kuchimba shimo la takataka. Akilaumiwa kwa nyumba chafu, analaumiwa kwa kuwa na mikono miwili.

Katika nyumba ya mfano kazi zagawanywa siku ya Jumamosi. Baba huziba nyufa na kukaza wavu chini ya paa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ngazi na nyundo. Mvulana mkubwa hunyunyiza sakafu, hufagia chini ya vitanda, kisha hupanga kuni penye kivuli. Msichana huanika mablanketi juani na kuyakung'uta. Mdogo, ambaye hana kazi inayofaa kimo chake, huokota makopo uani, akapewa hesabu yake mwishoni ili aone fahari. Mama husimamia jiko. Na mtungi, ambao hauwezi kuoshwa ukiwa umejaa, huachwa mpaka maji yake yatumike. Kisha mmoja wao hutia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akausugua pande zote kwa mchanga, akausuuza mara mbili, ndipo ndoo ya kwanza ya maji mapya iletwe.